Friza Moja, Watafiti Wengi: Shajara ya Hifadhi ya Sampuli za Figo, Kisumu

Tunaongeza hapa kila hatua inapokwisha. Kuna watu wa Kakamega na wengine wa Busia wametuuliza tulianzaje hifadhi hii ya mikojo na damu ya kutafitia figo, na kila nikieleza kwa simu nasahau jambo lile lile lililotugharimu zaidi. Basi nimeona niandike. Mambo ya kawaida kama kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, au kununua glavu nayapita mbio. Pale tulipoharibu ndipo nitakapokaa.

14 Februari 2023: Tulivyoanza

Shida ilikuwa hii: hapa Kisumu kila anayetafiti figo anaanza na sufuria tupu. Mwanafunzi wa uzamili anakusanya mikojo mia mbili, anapima anachotaka, anahitimu, na vichupa vinabaki kwenye friza ya maabara fulani mpaka mtu anayetaka nafasi avitupe. Mwaka unaofuata mwingine anawarudia wagonjwa wale wale kuwatoa damu. Mama mmoja wa kliniki ya presha alimwambia sista wetu kwamba ametoa damu ya utafiti mara tatu na hajawahi kuambiwa iliishia wapi.

Wamarekani wana utaratibu wao wa vituo vya O'Brien, vilivyopewa jina la mbunge George M. O'Brien na kugharamiwa na NIDDK, taasisi ya serikali inayoshughulikia kisukari na figo. Kituo kinakuwa na mashine, utaalamu na watu wa takwimu, na mtafiti wa mji mwingine anaomba kutumia badala ya kununua vyake. Hatuna pesa za namna hiyo, lakini wazo halina hakimiliki. Sisi tuko wanne: mimi wa maabara, sista wa kliniki, kijana wa takwimu, na daktari bingwa wa figo anayetupa Jumatano zake. Tuna chumba kimoja na ruzuku ya shilingi milioni 3.1.

Bajeti ya kwanza naiweka hapa jinsi ilivyokuwa, ili mcheke: friza na vitu vyake 1,700,000, vifaa vya kuchukulia sampuli 620,000, mishahara midogo midogo 640,000, usafiri 100,000, data 40,000. Iangalieni hiyo 40,000.

3 Aprili 2023: Neno "benki"

Fomu ya ridhaa ilisema sampuli zitawekwa katika "benki ya mkojo na damu". Kamati ya maadili iliipitisha bila neno. Wagonjwa hawakuipitisha. Mzee mmoja kutoka Ahero aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani: "Daktari, benki? Na riba yangu nachukulia wapi?" Tulicheka, lakini watu saba walikataa kutia sahihi wiki hiyo, na wanne walisema wazi wanadhani tunauza. Huku kwetu neno *kachinja*, yule mwizi wa damu wa kwenye uvumi, halijafa. Ukisema damu yako itakaa mahali na watu wengine wataitumia, kuna atakayekumbuka gari la usiku alilosimuliwa na nyanya yake.

Tulibadilisha kuwa "hifadhi" na tukaandika sentensi fupi: sampuli haiuzwi, ukitaka itupwe, piga simu hii, itatupwa na utaambiwa siku iliyotupwa. Kisha tukaweka visanduku vinne vya kutia alama kimoja kimoja: kutumika kwa utafiti mwingine wa figo, kutolewa nje ya Kenya, kupimwa jeni, na kupigiwa simu baadaye. Mtu anaweza kukubali viwili na kukataa viwili.

Cha jeni ndicho kilichotusumbua, kwa sababu lazima ueleze APOL1. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba aina mbili za jeni hiyo, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, huongeza hatari ya figo kuharibika kwa mtu aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Inaaminika zilienea kwa sababu zinamkinga mtu na vimelea vya malale, vile vinavyoletwa na mbung'o. Ni nyingi zaidi Afrika Magharibi kuliko huku. Nilieleza hivyo kwa michoro, watu wakaniangalia tu. Siku moja akaja mzee wa upande wa bonde la Lambwe, aliyekua akiona mitego ya mbung'o ya kitambaa cha buluu na cheusi, akanikatiza katikati ya mchoro: "Kwa hiyo babu alipona malale, mimi nikalipa kwa figo?" Tangu siku hiyo naanza na mbung'o, mchoro unafuata.

Gharama: kutafsiri upya Kiswahili na Dholuo 46,000, kuchapisha tena 11,200. Muda: wiki tano.

19 Juni 2023: Friza imefika, mikojo 212 imepotea

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri: 1,340,000, mpya, na usafiri kutoka Nairobi. Stabilaiza 85,000. Ilipita mlangoni baada ya fundi kung'oa fremu. Pimeni mlango kwanza.

Wakati tukiisubiri tulikuwa tumepokea mikojo 212 kutoka utafiti wa mwenzetu, tukaiweka kwenye friza ya kawaida, nyuzi 20 chini ya sifuri. Ilikaa miezi mitano. Tulipoyeyusha kumi kwa majaribio, minne ilikuwa na utando mweupe chini, kama maziwa yaliyokatika, na albumini, protini ya damu, ilisoma chini ya ilivyosomwa siku ya kuchukuliwa. Jambo hili linajulikana kwa watu wa kemia ya mkojo: kwenye nyuzi 20 albumini hujishika pamoja na kuzama, na hupungua kadiri inavyokaa. Mimi nilijua habari za nyuzi 80 kwa damu, sikudhani mkojo ungedai heshima ile ile.

Albumini kwenye mkojo ndiyo ishara ya mapema ya figo kuvuja. Miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, tayari ni tatizo, na mtu bado anajisikia mzima kabisa. Kwa hiyo ukipoteza albumini umepoteza kile hasa ulichokuja kutafuta. Hatukuitupa mikojo 212, bado inafaa kwa vipimo vingine, lakini kwenye daftari kila mmoja umeandikwa: *usitumie kwa albumini*.

Utaratibu wa sasa: albumini na kreatinini ya mkojo hupimwa siku ile ile, mkojo ukiwa umekaa kwenye baridi ya kawaida ya friji. Kinachobaki ndicho kinachogandishwa, moja kwa moja kwenye nyuzi 80, kikiwa kimegawanywa katika vichupa vitano vidogo ili mtu akitaka kidogo asiyeyushe chote. Tunachukua mkojo wa kwanza wa asubuhi. Tulijaribu pia ule wa saa 24, tukawapa watu ishirini vibuyu vya plastiki vya lita tatu. Vilirudi kumi na moja, na kimoja kilirudi na mafuta ya taa. Tukaacha.

26 Agosti 2023: Usiku wa giza

Ijumaa usiku, tarehe 25, stima ilipotea nchi nzima. Kengele ya friza iko kwenye kifaa cha kupima baridi chenye laini ya simu (28,000) na ilifanya kazi yake: ilituma ujumbe. Uliingia kwenye simu yangu, nayo ilikuwa imezima kwa sababu nyumbani pia hakukuwa na stima. Jenereta ya jengo ilikuwa na dizeli. Ufunguo wa chumba chake ulikuwa kwa mlinzi wa mchana, na huyo alikuwa amelala kwake Nyalenda.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi na pikipiki. Kioo kilisoma nyuzi 41 chini ya sifuri. Sikufungua mlango. Jenereta iliwaka saa kumi na mbili na dakika ishirini, na friza ikachukua siku nzima kurudi ilikotoka. Hakuna kilichoyeyuka.

Hata hivyo joto lilipanda haraka kuliko mtengenezaji alivyoahidi, na sababu ni kwamba friza ilikuwa robo tatu tupu. Hewa haishiki baridi. Marekebisho yaligharimu karibu na bure: tulijaza nafasi zote kwa chupa za maji za plastiki, tukizigandisha kwanza kwenye friza ndogo ili tusiichoshe kubwa, na tunazitoa kadiri sampuli zinavyoongezeka. Mengine: ujumbe wa kengele sasa unaenda kwa simu tatu za mitandao miwili, mmojawetu ana pawabanki zamu yake ikifika, na ufunguo wa jenereta uko kwenye kisanduku cha namba za siri ukutani (2,300). Friza pia ilihamishwa kutoka ukutani kwa upana wa kiganja, na tukaweka feni ya kutoa joto, maana Januari chumba kile hufika nyuzi 34 na kompresa inapumua kama ng'ombe wa kulima.

Sampuli zote zilizokuwemo usiku ule zina alama kwenye daftari. Kijana wa takwimu aliuliza kama ni lazima, watu watazikataa. Daktari alimjibu, "Wakatae wakijua, kuliko watumie hawajui."

30 Oktoba 2023: Lebo

Lebo za karatasi kutoka duka la vifaa vya ofisi, roli moja 900. Zilinata vizuri mezani. Kwenye nyuzi 80 gundi inakauka kama ngozi ya samaki, na tulipofungua sanduku la sita lebo 37 zilikuwa zimelala chini kama majani. Kwenye mengine tulikuwa tumeandika kwa kalamu ya wino. Ukipangusa barafu kwa spiriti, na jina linakwenda.

Vichupa 37 visivyo na jina. Tuliokoa 29 kwa sababu sista, kwa tabia yake, alikuwa akichora ramani ya kila sanduku kwa penseli kwenye daftari la shule: mstari wa kwanza huyu, wa pili yule. Hatukumwagiza. Vinane vilivyobaki vilichomwa.

Lebo za friza za kweli, pamoja na utepe wake wa kuchapia, 19,500 kwa roli mbili. Zibandikwe kichupa kikiwa kikavu na cha joto la chumba. Ukibandika juu ya barafu unajidanganya. Na ile ramani ya penseli sasa ni sheria, ila iko kwenye kompyuta na kwenye karatasi pia.

22 Machi 2024: Kreatinini, au mama wa samaki aliyekufa kwenye kompyuta

Hapa ndipo tulipolipia ile 40,000.

Mpango ulikuwa kuunganisha matokeo ya damu kutoka maabara tatu. Kreatinini ni taka ya misuli. Figo zikishindwa kuichuja, inajaa kwenye damu. Kutoka namba hiyo, umri na jinsia, unakadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika. Chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, unazungumza habari za mashine ya kusafisha damu. Tulimimina faili tatu kwenye moja, kijana akabonyeza, na kompyuta ikatoa orodha ya watu wanaohitaji kusafishwa damu mara moja.

Wa kwanza alikuwa mama wa miaka 52 anayeuza samaki Dunga. Makadirio: 4. Sista aliangalia jina akasema, "Huyu? Huyu alikuja jana kwa miguu amebeba beseni." Tulipompigia alikuwa sokoni na hakuwa na muda nasi.

Namba yake kwenye faili ilikuwa 11. Maabara ile huandika kwa miligramu, na karatasi ya awali ilisema 1.1. Aliyenakili aliacha nukta. Kwa 1.1 makadirio yake ni 60. Kwa 11 alikuwa amekwisha kufa na bado anauza mbuta.

Baada ya hapo tulirudi kwenye karatasi zote. Tulichokuta, bila mpangilio maalumu:

Maabara moja inaandika kwa miligramu kwa desilita, mbili kwa maikromoli kwa lita. Mtu mmoja ni 1.1 au 97. Kugeuza unazidisha kwa 88.4. Kijana alikuwa ameandika amri inayozidisha kila namba iliyo chini ya 30, na hiyo ilikuwa busara, isipokuwa faili la pili lilikuwa tayari limegeuzwa nusu na mtu aliyetangulia, na ukurasa wake wa mwisho haukuguswa.

Maabara ya tatu haikutupa kreatinini kabisa kwa miezi minne, ilitupa makadirio tu, na mashine yake ilikuwa bado na fomula ya 2009 ikiwa imewekwa kwenye chaguo la mtu mweusi. Fomula hiyo ilizidisha kwa 1.159 kwa kila mweusi, kwa hiyo Kisumu nzima ilipandishwa asilimia 16 kwa kuzaliwa tu. Mtu ambaye makadirio yake ni 54 anasomeka 62 na kitu, anaambiwa nenda nyumbani uko salama. Fomula ya 2021 iliondoa rangi. Nayo pia si Biblia: watafiti waliopima uchujaji wenyewe Malawi, Uganda na Afrika Kusini walichapisha mwaka 2022 kwamba makadirio ya kreatinini yanaonyesha figo za watu wa huku kuwa nzima kuliko zilivyo. Somo kwetu likawa: tunza kreatinini ghafi, makadirio utayapiga mwenyewe kila fomula ikibadilika.

Tena, maabara mbili hutumia njia tofauti. Moja bado ni ile ya Jaffe ya 1886, rangi ya machungwa inayotokea kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki. Ni rahisi, lakini sukari nyingi, ketoni na vinginevyo kwenye damu huichanganya. Nyingine hutumia vimeng'enya. Tulichukua sampuli 40 zile zile tukazipima kote kuwili siku moja. Kwa watu wenye afya njema zilikaribiana. Kwa wagonjwa wa kisukari zilipishana vya kutosha kumhamisha mtu kutoka hatua moja ya ugonjwa hadi nyingine.

Marekebisho yalichukua wiki tisa na hayana kitu cha kupiga picha. Tuliandika kamusi ya data ya kurasa 14. Kila safu ina jina kamili, kizio, njia iliyotumika, mashine, na namba ya chini na ya juu inayokubalika kabla mfumo haujagoma. Ukiandika 11 kwa mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa 1.0, unaulizwa. Tumeiweka kwenye REDCap, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ambayo taasisi zisizo za biashara hupewa bila malipo zikijiunga. Tulicholipia ni kompyuta ya kuihifadhi (118,000), diski mbili za nakala (21,000), na mtu wa kuingiza upya karatasi 1,260 kwa mikono, mara mbili, watu wawili tofauti, kisha kulinganisha (96,000). Nyama choma pia imo kwenye kamusi: nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa, kwa hiyo tunauliza mtu alikula nini. Jumatatu asubuhi majibu huwa marefu.

Data imekula jumla ya 235,000 dhidi ya ile 40,000. Tulizitoa kwenye usafiri na mishahara. Mishahara maana yake yangu.

27 Mei 2024

Hakuna jipya. Mgomo wa madaktari ulianza katikati ya Machi ukaisha mwanzoni mwa Mei, na kwa kipindi hicho kliniki hazikuwa na wa kutuletea watu. Mvua za Aprili zilifurika Nyando, barabara ya kwetu ikafungwa siku mbili. Tulitumia muda kusafisha vichujio vya friza. Vumbi lilikuwa zito kama blanketi. Sasa ni kila mwezi.

16 Agosti 2024: Sanduku linalopumua

Wenzetu wa Nakuru walijiunga. Wao wana swali lao: maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, meno ya watoto yanaonyesha, na figo ndizo zinazoitoa floraidi mwilini. Je, kwa mtu ambaye figo zimeanza kuchoka, inabaki ndani kiasi gani? Kamusi iliongezwa mstari mmoja kwa ajili yao: mkojo wa kupimwa floraidi usiguse chupa ya kioo, plastiki tu, kwa kuwa floraidi hushika kioo.

Sampuli zao 90 za kwanza zilikuja kwa matatu, kwenye sanduku la sponji nyeupe, na kilo nane za barafu kavu kutoka Nairobi. Barafu kavu ni hewa ya kaboni iliyogandishwa, nyuzi 78 chini ya sifuri, na haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa tena. Mimi ndiye niliyempa maagizo msaidizi wa Nakuru kwa simu. Nilimwambia afunge vizuri. Alifunga vizuri. Alizungusha seloteipu mara sita.

Karibu na Kericho kifuniko kilipasuka kwa mlio, moshi mweupe ukamwagika kwenye miguu ya abiria. Konda alisema maneno ambayo siandiki hapa, kisha akamuuliza msaidizi, "Sista, hii kitu inapumua ama nini?" Madirisha yalifunguliwa yote, gari likasimama, mchungaji mmoja akaanza kuomba. Ilikuwa bahati kwamba madirisha yalifunguliwa. Hewa ile kwenye gari lililofungwa inaweza kumlaza mtu bila yeye kujua, na seloteipu ilikuwa kosa langu, si lake. Alishushwa na sanduku lake na akakaa saa mbili kando ya barabara mpaka tulipomtafutia gari.

Sasa: sanduku lina tundu mbili juu na kifuniko hakizibwi, lina lebo ya onyo, linakaa nyuma ya Probox ya kukodi na madirisha yakiwa nusu wazi. Safari moja 9,000 badala ya 1,400 ya matatu, kwa hiyo tunasubiri sampuli zifike 300. Tuliwahi kumwomba mtu wa uhimilishaji wa ng'ombe kule Nakuru atuazime mtungi wake wa naitrojeni, ule wa kugandishia mbegu. Alikataa kwa heshima. Alisema wafugaji wakijua mtungi umebeba mikojo ya watu, hakuna atakayepandisha ng'ombe kwake tena.

11 Novemba 2024: Namba za kadi

Tulikuwa tumeunganisha rekodi za mtu kwa namba ya kadi ya NHIF, bima ya afya ya serikali. Ilionekana akili: kila mgonjwa wa mashine anayo. Oktoba NHIF ikaondoka, SHA ikaingia, watu wakaanza kuja na namba nyingine. Kwa wiki tatu mgonjwa mmoja alikuwa watu wawili kwetu, na kijana wa takwimu akashangilia kwamba usajili umepanda.

Hata bila hilo ilikuwa kosa, kwa sababu namba ile inamtambulisha mtu moja kwa moja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haipendi mchezo huo. Sasa kila mtu ana namba yetu isiyo na maana yoyote, na daftari moja tu linalounganisha namba na jina liko kwenye sanduku la chuma, sista ana ufunguo, mimi sina. Kurekebisha: siku kumi na mbili, gharama ni chai.

18 Februari 2025

Mwishoni mwa Januari misaada ya Marekani ilisimamishwa, na kliniki mbili za VVU zilizokuwa zikituletea sampuli zilipoteza wahudumu. Hizo zilikuwa muhimu: baadhi ya dawa za VVU, tenofovir hasa, zinahitaji figo kuangaliwa. Tumebaki na kliniki ya presha na ya kisukari. Friza inakula stima ya shilingi kama 11,000 kwa mwezi, tumeanza kutoza watumiaji 150 kwa kichupa ili tuilipe.

9 Juni 2025: Ombi la kwanza la kweli

Mwanafunzi anayetafiti wakata miwa wa mashamba ya Nyando. Nicaragua na El Salvador, wakata miwa vijana wasio na kisukari wala presha wamekuwa wakipoteza figo, na joto kali pamoja na kazi nzito vinashukiwa. Anataka kujua kama huku kuna dalili. Kreatinini moja iliyopanda jioni baada ya jua haitoshi, kwa hiyo anarudia baada ya miezi mitatu. Yeye ana wakata miwa. Hakuwa na watu wa kuwalinganisha nao. Sisi tunao: watu 60 wa umri huo huo, wa mjini, wenye mkojo wa asubuhi uliopimwa siku ile ile.

Ombi ukurasa mmoja. Kamati yetu ilikaa dakika arobaini, thelathini kati ya hizo tukibishana juu ya kichupa cha mwisho. Tukakubaliana: kichupa cha tano cha mtu yeyote hakitoki bila wote wanne kusema ndiyo, na anayechukua hurudisha mabaki na matokeo yake kwenye data ya pamoja ndani ya miezi mitatu. Wawili kati ya wale 60 hawakutia alama kisanduku cha utafiti mwingine. Tukawatoa, tukaweka wengine. Alilipa 9,000 kwa M-Pesa.

15 Septemba 2025

Amerudisha. Vichupa 31 vilivyobaki, lebo zote zimeshika, na faili la matokeo limekuja siku sita kabla ya muda. Safu ya nne imeandikwa "kreat" na hakuna kizio. Nilimpigia. Akasema, "Si inajulikana, Daktari?" Nikamwambia mimi si daktari, na nikamtumia ukurasa wa tatu wa kamusi. Alirekebisha Jumanne. Vichupa viko rafu ya 4, sanduku B, na ramani inasema: vimeyeyushwa mara moja.